Mwendo ule ule: asubuhi faini, mchana kesi

Pale tunapoegesha malori Kibaigwa kusubiri mahindi yapakiwe, mabishano hayakauki, na moja lisilozeeka ni hili: dereva aliyepigwa tochi, ile mashine ya askari ya kupima mwendo, ametenda jinai au hajatenda? Wengi hujibu bila kufikiri mara mbili. Mwizi ni mhalifu. Mlevi aliyempasua mwenzake na chupa ni mhalifu. Lakini aliyepita kwenye kibao cha 50 akiwa na 70, huyo anadaiwa elfu thelathini tu. Akilipa, yamekwisha, anawasha gari anaendelea na safari zake.

Mimi nasema ametenda kosa la jinai. Jibu hilo nililipata mahakamani, nimesimama kwenye kizimba cha mashahidi, dereva wangu amekaa upande wa pili ananitazama.

Nianze na sheria yenyewe, maana kijiweni huwa tunaibishania bila kuijua. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, mwaka ule ule ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Kifungu chake cha 51 ndicho kinachoweka ukomo wa mwendo: kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na kwa magari makubwa yanayozidi kilo 3,500, mwisho ni 80 hata kama barabara ni tupu na imenyooka kama ile ya kutoka Manyoni kwenda Ikungi. Ukivuka hapo umetenda kosa, na kosa hilo lina adhabu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina maneno mengi katika jambo hili: tendo lolote linaloadhibika kisheria ni kosa. Haisemi lazima uwe umeiba au umemwaga damu.

Kinachotuchanganya ni kifungu cha 95. Hicho kinamruhusu askari akuandikie taarifa ya kosa, wewe ukubali kwamba umelitenda, ulipe shilingi 30,000, na suala liishie hapo bila kumwona hakimu. Kwa bodaboda na bajaji faini hiyo ilishushwa mwaka 2021 ikawa 10,000. Ni utaratibu mzuri, sisemi vinginevyo. Bila huo, mahakama zote za wilaya kutoka hapa mpaka Singida zingejaa madereva, na mizigo ingeozea njiani. Lakini tazama kinachofanyika pale. Askari wa barabarani hana mamlaka ya kukutia hatiani. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kwamba anayo. Ndiyo maana lazima wewe mwenyewe ukubali. Ukikataa, unashtakiwa, na karatasi itakayosomwa mbele ya hakimu itaanza na Jamhuri dhidi ya jina lako. Jamhuri haimpeleki mtu mahakamani namna hiyo kwa deni.

Wakati huo nilikuwa utingo. Tulitoka Singida alfajiri na Fuso la vitunguu na madumu ya mafuta ya alizeti, tunawahi soko la Majengo, Dodoma, kabla jua halijawa kali. Dereva wangu nilimwita Kaka Mkubwa, si kwa ndugu bali kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyenitoa kwenye kubeba magunia akaanza kunifundisha usukani. Mtu mpole. Hanywi. Gari lake alilikagua kila asubuhi, tairi moja moja, akigonga na nyundo kusikiliza mlio. Ninayaandika haya kwa sababu watu wakisikia habari ya dereva aliyeua mtoto, hujenga picha ya mtu mkorofi, na mimi sikuwa nimeketi na mkorofi.

Kwenye mji mdogo kabla ya Manyoni tulisimamishwa. Askari alikuwa mstaarabu, akamsalimia, akamwonyesha picha kwenye mashine: namba za gari letu, na mwendo, 78, ndani ya eneo la 50. Kaka Mkubwa hakubishana. Akaandikiwa, akaniambia, "Mdogo wangu, hii tutaifidia kwenye posho." Ile karatasi akaichomeka kwenye kioo, pembeni ya stika ya bima, tukaondoka. Tangu pale akawa anaendesha kwa hasira ya kuchelewa, si hasira ya mtu. Tajiri, mwenye gari, alishapiga simu mara mbili kuuliza tuko wapi.

Tukashuka Saranda vizuri, kwa gia, breki akiitunza. Tukapita Kintinku. Kijiji tulichofika baada ya hapo kina nyumba upande wa kushoto na kisima upande wa kulia, na kibao cha 50 kilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu. Nikatazama mshale wa spidi. Ulikuwa katikati ya 80 na 90. Mbele kidogo mbuzi walikuwa wanavuka. Kaka Mkubwa akapiga honi ndefu bila kuachia mafuta, kwa sababu mbuzi wa Ugogo wamezoea magari, wakisikia honi hukimbia. Na kweli walikimbia. Barabara ikawa tupu. Nikaona amelegeza mabega.

Kulikuwa na kitoto cha mbuzi kimebaki nyuma, upande wa kisima. Kijana aliyekuwa anawachunga alikwisha kuvuka. Akageuka kukifuata.

Breki zilishika. Mkaguzi wa magari aliandika baadaye kwamba gari halikuwa na hitilafu, na alama za matairi kwenye lami zilipimwa zikaingizwa kwenye ramani ya tukio. Haikutosha. Tulikwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu kutoa taarifa, kama sheria inavyotaka na kama usalama wetu ulivyotaka pia, na Kaka Mkubwa hakurudi nyumbani siku ile.

Kilichonifunza zaidi ni yaliyofuata. Tajiri alipeleka ubani, na watu wazima wa pande zote mbili wakakaa. Babu wa marehemu, mzee wa Kigogo mwenye mgolole na fimbo, alisema mbele yetu sote kwamba Mungu ametwaa, na yeye hana kesi na mtu. Alisema kwa dhati. Sisi tukapumua, tukadhani yameisha kifamilia. Siku nyingine tukaenda naye kituoni ili aeleze hivyo. Mpelelezi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, kisha akamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, msamaha wako ni wako na ni mkubwa. Lakini mlalamikaji kwenye jalada hili ni Jamhuri."

Hapo ndipo nilipoelewa jinai ni nini. Ungekuwa ugomvi wa mipaka ya shamba, yule mzee angeweza kusamehe na kesi ikafa. Fidia nayo ina njia yake, kupitia bima ya mtu wa tatu ambayo kila gari linapaswa kuwa nayo, na kulipwa fidia hakufuti mashtaka. Ubani wetu, msamaha wa babu, machozi ya Kaka Mkubwa ambayo niliyaona mwenyewe, hakuna kati ya hayo kilichosimamisha hati ya mashtaka. Ilisomwa chini ya kifungu cha 41, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari.

Niliitwa kutoa ushahidi. Madereva wengine walinishauri nisahau. "Sema hukutazama spidi, utingo anatazama spidi ya nini?" Mwendesha mashtaka aliniuliza swali moja lililobeba yote: gari lilikuwa kwenye mwendo gani? Nikasema nilichokiona. Waliniita msaliti, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo. Mimi sikumsaliti Kaka Mkubwa. Nilikuwa nimeapa, na kijana yule hakuwa na mtu mwingine ndani ya ile gari wa kumsemea. Kaka Mkubwa mwenyewe hajawahi kunilaumu. Alitiwa hatiani, akafungwa, leseni ikafungiwa. Shemeji aliuza vitumbua Chang'ombe kulea watoto, na nikipata kitu nilipitia kwake, na yeye alinipokea.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya asubuhi iliyochomekwa kwenye kioo. Dereva yule yule, gari lile lile, shehena ile ile, mwendo unaokaribiana, 78 asubuhi na themanini na kitu mchana, na kote ndani ya eneo la 50. Asubuhi gharama ilikuwa 30,000. Mchana ilikuwa maisha ya mtu mmoja na jela ya mwingine. Kaka Mkubwa alifanya nini mchana ambacho hakukifanya asubuhi? Mimi sikioni. Tofauti aliileta mbuzi mdogo aliyechelewa. Kama kitendo cha mchana ni jinai, na hakuna anayebisha kwamba ni jinai, basi cha asubuhi kilikuwa jinai pia, ila hakikukutana na mtu.

Udogo wa faini ndio unaotuzoesha vibaya. Tunailipa kama tunavyolipa ushuru wa mazao getini: unapita, unakata, unasonga. Wapo matajiri wanaoihesabu kabisa kwenye gharama za safari, dizeli kiasi hiki, posho kiasi hiki, tochi kiasi hiki. Ushuru wa geti ni malipo ya kupita kihalali. Hakuna malipo yanayokuruhusu kupita kijijini kwa 80.

Na tunapata nini kwa huo mwendo? Nilipoanza kuendesha mwenyewe nilikaa nikapiga hesabu kwenye daftari. Kijiji cha kawaida kwenye barabara hii kinachukua kama kilomita 2 kutoka kibao cha 50 mpaka kibao cha kumaliza. Kwa 50 unakipita kwa dakika 2 na sekunde 24. Kwa 80 unakipita kwa dakika moja na nusu. Umeokoa sekunde 54. Pitia vijiji kumi vya namna hiyo, umeokoa dakika tisa, ambazo utazimaliza zote kwenye foleni ya sheli.

Upande wa pili wa hesabu unatisha zaidi. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza haipandi sawasawa na mshale. Kutoka 50 kwenda 80 inapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Chukua dereva aliye macho, anayehitaji sekunde moja tu tangu aone hatari mpaka mguu ukae kwenye breki, na breki ziwe nzima. Kwa 50, katika sekunde hiyo gari limekwenda mita 14. Kwa 80 limekwenda 22. Endelea na hesabu utakuta kwamba mahali ambapo gari la 50 limeshasimama kabisa, gari la 80 linapita hapo likiwa bado na 70 hivi. Nilipoona hiyo namba nikaweka kalamu chini. Kwa 50 yule kijana angekutana na Fuso lililosimama, Kaka Mkubwa amechungulia dirishani anamgombeza.

Mpwa wangu aliyesoma nje aliwahi kuniambia kwamba kwa wenzetu hawakubaliani katika hili. Ujerumani, kuzidisha mwendo kwa kawaida ni kosa la kiutawala, haliitwi jinai. Uingereza ni jinai, ingawa mara nyingi linaishia kwenye faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Marekani kila jimbo na lake: Virginia, ukizidisha maili 20 kwa saa juu ya ukomo, kama kilomita 32 hivi, hiyo inahesabiwa kuendesha kwa hatari, jinai inayoweza kukupeleka jela mpaka miezi 12, hata kama hukumgusa mtu. Nilipima mambo yetu kwa kipimo hicho. Asubuhi ile tulizidisha kwa 28. Mchana tulizidisha kwa 35 hivi. Kule, mchana wetu ungeweza kuwa jela hata kijana asingegeuka.

Sitaki Tanzania iige Virginia. Wafungwa tunao wa kutosha, na dereva wa lori akifungwa, nyumba nzima inafungwa naye. Ninachotaka ni tuache kuambiana kwamba hili si kosa la maana. Kwenye mabasi angalau kuna LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na ule mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, basi likizidisha kuna mtu ofisini anaona. Sisi wa malori ya mizigo mara nyingi anayetufuatilia ni tajiri kwa simu, na anachouliza ni kwa nini hatujafika.

Madereva nao wana malalamiko ya haki, na sitayaruka. Vibao vinang'olewa na wauza chuma chakavu. Unaweza kuingia kijijini usijue umeingia, ukapigwa tochi mbele kwa kibao ambacho hakipo. Sehemu nyingine kibao cha 50 kipo, cha kumaliza hakipo, na hujui uhuru wako unaanzia wapi. Hapo ndipo ile haki ya kukataa ina kazi yake. Kama kweli hukuzidisha, au kibao hakikuwepo, mwambie afande kwa adabu kwamba hukubali kosa na uko tayari kwenda mahakamani. Omba uone picha: namba ni zako? Mahali ni hapo? Piga na wewe picha ya mahali kibao kilipopaswa kuwa. Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, tena bila kuacha shaka. Ulinzi huo unaupata kwa sababu hili ni jinai. Dereva anayesema "si jinai, ni faini tu" anajinyima hata kinga zake mwenyewe, halafu anatia saini kukubali makosa ambayo pengine hakuyatenda, ili awahi.

Kwa tajiri wangu wa sasa nilisema mapema kabla sijapokea funguo: vijijini 50, nje 80, na simu yako nitaipokea nikiwa nimesimama. Alinuna. Baadaye akaona dizeli imeshuka na matairi yanadumu, akanyamaza. Utingo wangu naye nimempa kazi ambayo mimi sikuwahi kupewa. Mshale ukipita 50 ndani ya kijiji aniambie, kwa sauti, hata kama tuna wageni ndani ya gari. Mwanzoni aliogopa. Ananiita Baba Mkubwa, na kwao mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Nikamwambia kwamba siku akiitwa kizimbani ataulizwa spidi, kwa hiyo bora aniambie mimi kabla hajamwambia hakimu.

Kuna ile desturi yetu ya kumulikiana taa. Dereva anayekuja mbele anakuwashia kukuonya kwamba tochi iko karibu, unapunguza, ukimpita askari unakanyaga tena. Desturi hiyo naipenda kwa undugu wake, lakini inalinda elfu thelathini zetu na hailindi kitu kingine. Mimi naitumia kivyangu. Mchana shule zinapotoka, pale Buigiri au Chamwino au kijiji chochote nilichokuta watoto wamejaa kando ya lami, nawamulikia wote wanaokuja mbele, hata kama sijaona askari tangu Morogoro. Wanapunguza, wakidhani kuna tochi. Wakifika mbele wasipoiona, wengine wananirushia honi ya hasira. Wapige.